Saplimenti za Mazoezi: Kilichoandikwa Kwenye Kopo na Kilichomo Ndani

Kwenye jimu za Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, siku hizi, ukiacha "unabeba kilo ngapi?", swali linalofuata ni hili: "Hivi huu unga una madhara?" Anayeuliza anataka jibu la neno moja. Kocha atamwambia hauna, ni chakula tu. Baba yake atamwambia unaua figo. Muuzaji atamwambia umethibitishwa Marekani. Kila mmoja anajibu swali lake, na ndiyo maana ubishi huu hauishi.

Ukilifungua, swali hilo lina matatu ndani yake. Kiambato chenyewe, kikiwa safi, kinafanya nini mwilini? Je, ni kwa kiasi gani, na kwa mwili wa nani? Na tatu, kilichomo kwenye kopo ndicho kilichoandikwa nje? Hilo la kwanza wanasayansi wamelijibu vizuri kuliko watu wanavyodhani. La pili linamhitaji mtu anayekufahamu wewe na afya yako. La tatu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, na ndilo karibu hakuna anayeliuliza.

Nianze na kreatini, kwa kuwa ndiyo inayosingiziwa zaidi. Kreatini si steroidi, yaani si homoni ya kujenga misuli. Mwili wako unaitengeneza kila siku kwa kutumia ini na figo, na nyingine unaipata ukila nyama au samaki. Sehemu kubwa hukaa kwenye misuli, na kazi yake ni kurudisha nguvu upesi pale msuli unapofanya kazi kali ya sekunde chache: kunyanyua chuma mara sita, kukimbia mita 100, beki kuruka kupiga kichwa. Mtu akitumia gramu 3 hadi 5 kwa siku, misuli yake hujaa ndani ya wiki tatu au nne. Wenye haraka hunywa gramu 20 kwa siku, wakizigawa mara nne, kwa siku tano hadi saba. Hao ndio wanaolalamika kuharisha na tumbo kujaa, na hawakuwa na ulazima wowote, kwa sababu mwisho wa mwezi wote wanafika palepale.

Itakuongezea kilo moja au mbili mwanzoni, na nyingi ya hizo ni maji yanayoingia kwenye misuli. Kwa mbeba vyuma hilo ni furaha. Kwa mkimbiaji wa kilomita 10 ni mzigo wa bure.

Sasa figo. Kreatini ikishatumika hugeuka kreatinini, ambayo ni taka, na figo huitoa kwenye mkojo. Daktari akitaka kujua kama figo zako zinachuja vizuri hupima kreatinini kwenye damu, na akiikuta juu hushuku kwamba figo zinalegea. Lakini kijana mwenye misuli mikubwa anayekunywa kreatini ana kreatinini nyingi kwa sababu anaitengeneza kwa wingi. Figo zake hazijashindwa kuitoa. Kipimo kinapanda na figo ziko salama. Akienda kupima bila kutaja anachotumia, anaweza kurudi nyumbani na hofu ya ugonjwa asionao, na mtaa mzima ukapata ushahidi kwamba unga umemla figo. Vipo vipimo visivyotegemea misuli, kama cha sistatini C, ingawa si kila maabara inacho. Kwa mtu mzima mwenye afya, akitumia kiasi cha kawaida, tafiti za miaka mingi hazijaonyesha figo kuharibika. Kwa mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au presha, habari ni nyingine: huyo aanze kwa daktari, jimu baadaye.

Na kama tunazihofia figo kweli, tuangalie kinachomezwa pembeni mwa viwanja vya ndondo saa tisa alasiri. Mchezaji ana goti bovu, anameza vidonge viwili vya maumivu vya diklofenaki, anaingia uwanjani juani bila kunywa maji ya kutosha. Mwili ukikaukiwa, figo hutegemea kemikali fulani za mwilini kuweka wazi mishipa inayozipelekea damu. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia kemikali hizohizo. Hapo figo zinaweza kuumia kweli, na hakuna anayelizungumza kwa kuwa dawa hiyo imezoeleka. Tramadoli nayo, ambayo wengine huitumia kama dawa ya maumivu tu, imepigwa marufuku siku za mashindano tangu Januari 1, 2024.

Protini ya unga haina mambo mengi. Ile ya kawaida inatokana na maji ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, na ubaya wake mkubwa ni gesi na kuharisha kwa watu ambao tumbo lao halipatani na sukari ya maziwa. Watu wazima wa namna hiyo ni wengi sana katika Afrika Mashariki. Kama glasi ya maziwa fresh inakusumbua, usishangae kopo likikusumbua. Swali la maana zaidi ni kama unaihitaji. Tafiti zinaonyesha kwamba faida ya protini katika kujenga misuli huanza kusimama karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kijana wa kilo 65 anahitaji gramu 104 hivi. Dagaa wetu wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo gramu 50 za dagaa zinakupa si chini ya gramu 25. Mayai mawili yana 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Kipande cha mgebuka cha gramu 100 ni 20 hivi, glasi ya maziwa ni 8, na ugali wa siku nzima nao una zake, hazipungui 15. Umekaribia sana, na ukiongeza kipande cha pili cha mgebuka umepita. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo na kalsiamu umepata, kitu ambacho makopo mengi hayakupi kwa kiasi hicho. Unga unafaa kwa mchezaji anayeshinda ndani ya basi kwenda kwenye mechi ya ugenini na hana pa kula cha maana. Anayeishi dakika kumi kutoka Kibirizi akaacha dagaa akanunue kopo, huyo ananunua picha ya mtu aliyechorwa kwenye kopo.

Kwa kafeini lazima nikae kidogo, maana hapa watu wanaumia kweli. Ilikuwa imezuiwa michezoni, ikizidi kiwango fulani, hadi mwisho wa 2003, ikaondolewa kwenye orodha ya vilivyokatazwa kuanzia Januari 2004, na leo inafuatiliwa tu. Inasaidia, hilo halina ubishi: miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, saa moja kabla ya mashindano, humwongezea mkimbiaji ustahimilivu na kumpunguzia hisia ya uchovu. Kwa yule kijana wa kilo 65 ni kama miligramu 200. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku nzima.

Haya, tupige hesabu ya siku ya kijana wetu. Asubuhi kahawa chungu kijiweni, vikombe viwili vitatu. Mchana kinywaji cha kuongeza nguvu, na kopo la kawaida la mililita 250 lina miligramu kama 80 pamoja na sukari gramu 27. Jioni kijiko cha unga wa kabla ya mazoezi, ambao mara nyingi una miligramu 150 hadi 300 kwa kijiko kimoja, na mwenzake kamwambia apige viwili kwa kuwa cha kwanza "hakijashika". Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usiku hakuna usingizi, kesho anaamka amechoka na anaongeza dozi. Usoni na masikioni ngozi inamwasha kama sisimizi wanatembea, naye anaamini hiyo ndiyo nguvu inaingia. Ile ni beta-alanini, kiambato kingine kinachowekwa humo. Mwasho huo hauna hatari, lakini si kipimo cha nguvu yoyote. Kafeini tupu ya unga ndiyo inayoua: mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilionya kwamba kijiko kimoja cha chai ni sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa, na watu wamekufa kwa kukosea kijiko.

Wakati wa Ramadhani jambo hili hubadilika sura. Ujiji wachezaji wengi hufunga, na mazoezi huhamia baada ya futari au tarawehe. Nusu ya kafeini uliyokunywa hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukiinywa saa tatu usiku, saa nane bado nusu yake iko kwenye damu, na muda si mrefu unaamshwa kula daku. Mwezi mzima wa namna hiyo humaliza mchezaji kuliko njaa yenyewe. Kreatini haina neno, inywewe hata na daku, ilimradi maji yawepo.

Hadi hapa tumekuwa tukidhani kopo linasema kweli.

Mwaka 2000 na 2001 watafiti wa maabara ya kupima dawa michezoni ya Cologne, Ujerumani, walinunua saplimenti 634 kutoka nchi 13. Hakuna hata moja iliyoandikwa kuwa na homoni. Walipozipima, 94 zilikuwa na steroidi ambazo hazikutajwa popote kwenye kopo. Hiyo ni asilimia 14.8. Kingine kilichowashangaza ni kiasi: nyingi zilikuwa na chembe ndogo mno, kuanzia sehemu ya mia ya mikrogramu kwa gramu moja ya unga. Kiasi kama hicho hakijengi msuli wa mtu yeyote. Uwezekano mkubwa ni kwamba mashine iliyosaga homoni jana ilisaga vitamini leo bila kusafishwa vizuri. Lakini kwa baadhi ya homoni hizo, kuingiza mwilini mikrogramu moja tu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu, kunatosha mkojo kuonyesha umetumia dawa iliyokatazwa. Mchezaji anapata adhabu bila hata kupata faida.

Upo uchafuzi wa bahati mbaya, na upo wa makusudi. Kampuni ndogo inataka wateja waseme "ule unga unafanya kazi", basi inatia kitu kinachofanya kazi kweli na kunyamaza. Kwenye unga wa kuongeza misuli hutiwa steroidi. Kwenye vidonge vya kupunguza uzito hutiwa sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Wakati mwingine kitu kimeandikwa, ila kimevikwa jina la mmea. DMAA, kichangamshi kikali, iliuzwa miaka mingi kama kitu kitokanacho na maua ya jeraniumu. Mwaka 2012 mwanamke wa miaka 30 alianguka karibu na mwisho wa London Marathon akafa, na uchunguzi wa kifo chake ulisema DMAA iliyokuwa kwenye unga aliochanganya na maji yake, pamoja na juhudi kubwa ya mwili, inaelekea vilichangia.

Walioponzwa na kopo si wachezaji wa mtaani tu. Asafa Powell, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya mita 100, alipimwa kwenye mashindano ya taifa ya Jamaika Juni 2013 akakutwa na oksilofrini, kichangamshi kilichokatazwa. Ilitoka kwenye saplimenti mpya aliyoanza kutumia. Alifungiwa miezi 18, na Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo ikapunguza hadi miezi 6 mwaka 2014. Powell alikuwa na mawakili na fedha ya kupeleka vidonge maabara. Jiulize mchezaji wa daraja la pili atapata wapi.

Kanuni ya dunia ya kupambana na dawa michezoni haihangaiki na nia yako mwanzoni. Kilichokutwa kwenye mkojo wako ni chako, nawe ndiye wa kueleza kilivyoingia. WADA, shirika la dunia linalosimamia kanuni hiyo, haliidhinishi saplimenti yoyote, kwa hiyo kopo lenye maneno "imekubaliwa na WADA" limekudanganya kabla hujalifungua. Kanuni hii inamgusa mchezaji wa Mashujaa FC, timu ya hapa hapa Kigoma iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023, na inamsubiri kijana wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anayetaka kufika huko.

Wengi hudhani kitu kilichouzwa Marekani kimepimwa na serikali. Sheria yao ya mwaka 1994 inawaruhusu watengenezaji kuuza saplimenti bila kuthibitisha kwanza kwa serikali kwamba ni salama au kwamba inafanya kazi. Serikali huingia baadaye, watu wakishaumia. Kwetu, mwaka 2019 iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, iligeuka TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba, na mambo ya chakula yakahamia shirika la viwango, TBS. Saplimenti inasimama katikati ya chakula na dawa, na wauzaji wajanja wanalijua hilo: kwenye lebo wanaandika chakula, mdomoni wanauza dawa.

Na lebo yenyewe, Kigoma mara nyingi huioni. Kopo limesafiri kutoka Dar zaidi ya kilomita 1,200, linafika na bei ambayo kijana hawezi, kwa hiyo anapimiwa. Nimesimama mezani kwa muuzaji mmoja nikatazama: kopo kubwa limefunguliwa, kijiko kimezama ndani, pembeni vifuko vidogo vya plastiki vimefungwa fundo, vyeupe vyote.

"Kaka, hiki cha leo ndicho kile cha juzi?" kijana akauliza.

"Ndicho hichohicho, dogo. Hiki kimekuja kipya tu, kina nguvu zaidi."

Kijana akalipa. Kifuko hakina jina, hakina tarehe ya mwisho, hakina namba ya toleo, na kijiko kile kilikuwa kimetoka kwenye kopo jingine. Kama ni suala la uchafuzi, maabara ya Cologne haikuhitaji kwenda mbali. Simlaumu sana muuzaji kwa kupima, maana hata sukari tunapimiwa. Ila sukari haimfungii mtu miaka miwili.

Kuna kundi jingine la bidhaa ambalo wengi hawaliiti saplimenti, wakati ndilo linaloumiza zaidi vijana wembamba: vidonge vya kunenepesha. Vingi vina siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na usingizi. Vingine vina deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama homoni ya tezi za juu ya figo. Uso unajaa na kuwa mviringo, mwili unavimba maji, mtu anadhani amenawiri. Ndani sukari na presha vinapanda, misuli ya mapaja inalegea, mifupa inapoteza nguvu, na tezi za juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni yake ya asili kwa kuwa inatoka nje. Siku akiacha ghafla baada ya miezi, mwili hauna akiba, na anaweza kuzimia au kufa kwa homa ambayo wengine wangeipona. Aliyezitumia kwa muda mrefu asizitupe siku moja. Aende hospitali apunguziwe taratibu. Na kwa mchezaji, deksamethasoni ya kumeza imekatazwa siku za mashindano.

Vidonge vya chuma navyo vinahitaji tahadhari, hasa kwa wachezaji wa kike. Wanaopoteza damu kila mwezi na kukimbia sana huweza kupungukiwa chuma kweli, na hapo dawa husaidia. Lakini uchovu Kigoma una sababu nyingi, malaria ikiwa mojawapo, na malaria yenyewe hupunguza damu. Kupima kwanza ni rahisi kuliko kumeza vidonge miezi mitatu kwa ugonjwa usio huo, maana chuma kikizidi hukaa kwenye ini. Anayeandikiwa asimeze na chai ya rangi, kwa kuwa majani ya chai hukishika chuma tumboni kisiingie mwilini. Vitamini A nayo ikizidi kwenye vidonge huharibu ini. Ile ya mawese haina shida hiyo, kwani mwili hugeuza kiasi unachohitaji na kuacha kingine. Dozi kubwa za vitamini C na E, ambazo wengi humeza wakiamini haziwezi kudhuru, zimeonekana katika utafiti wa 2009 kupunguza baadhi ya faida za mazoezi yenyewe.

Kwa anayeamua kununua hata hivyo: nunua kopo lililofungwa, la kiambato kimoja, kama kreatini tupu. Likiandikwa "mchanganyiko maalumu" wa viambato kumi na mbili bila kusema kila kimoja ni miligramu ngapi, liache, hata kama mwenye jimu analitumia. Kama unacheza ligi inayopimwa, tafuta alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, ambazo hupima kwa vitu vilivyokatazwa, kisha linganisha namba ya toleo iliyo chini ya kopo na ile iliyo kwenye tovuti yao, maana alama yenyewe hughushiwa. Hupunguza hatari, haziimalizi. Andika tarehe uliyoanza, na usimalize kopo hadi chini. Baki na kiasi kidogo na risiti. Siku ukiitwa kutoa mkojo, kwenye fomu kuna sehemu ya kutaja dawa na saplimenti ulizotumia siku saba zilizopita. Taja zote.

Mkojo ukiwa rangi ya kola baada ya mazoezi makali, macho yakiwa ya njano, kifua kikibana, moyo ukiruka mapigo au ukazimia mazoezini, usisubiri kesho na usitafute ushauri kwa aliyekuuzia. Nenda Maweni au hospitali iliyo karibu, na ubebe kila unachotumia: kopo, vidonge, na kile kifuko kisicho na jina.